Kidonge cha Mwaka Mmoja

Mkasi ulimponyoka Paskalina kwa mara ya tatu, ukalia sakafuni. Kitenge cha mteja kilikuwa kimekatika nusu, na nusu hiyo ilikwenda upogo. Hakuinama kuuokota. Kuinama angeinama, kuukamata ndiyo ilikuwa shughuli. Vidole vyake vilivimba kwenye maungio kama tangawizi, na tangu alfajiri vilikuwa vimegoma kukunjuka.

Sitara, aliyeketi kwenye cherehani ya pili kwenye baraza lile la Mtaa wa Mkunguni, aliuokota mkasi, akaendelea kukata pale mwenzake alipoishia.

"Da Paska, nenda kapumzike."

"Nikapumzike nile nini?"

Asubuhi hiyo Sitara ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi.

Paskalina alitoka Ndanda na cherehani ya marehemu mama yake, akashona Kariakoo miaka mingi kabla baridi yabisi haijamwingia mikononi. Duka la dawa walimpa vidonge vya kupunguza uvimbe, vikamvimbisha uso. Ndipo mtu mmoja akampeleka kliniki fulani mjini, na huko Dokta Rogath akamfafanulia vizuri kuliko wote waliotangulia. Askari wa mwili wake wamegeuka, alisema, wanavipiga viungo walivyowekwa kuvilinda. Kuna kidonge kipya, hakizidi punje ya dengu, kinaingia mpaka ndani ya chembe za mwili na kuzima ile amri ya vita. Bado kinajaribiwa. Je, yuko tayari?

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Kalamu hakuweza kuishika, wakampaka wino kwenye dole gumba. Linatosha, walisema.

Wiki ya sita aliamka akakunja ngumi. Akaikunjua, akaikunja tena, akacheka peke yake kitandani kama mwehu. Mwaka mzima alishona: sare za shule, mashela, mapazia ya kanisa. Wakimtaka damu, anatoa. Wakija na kamera kumpiga picha akitunga uzi kwenye sindano, anatunga. Kisha mwezi mmoja alikwenda akakuta dirisha la dawa limefungwa, na karatasi imebandikwa: utafiti umekamilika, tunawashukuru washiriki wote.

Huu ulikuwa mwezi wa nane tangu siku ile.

Simu iliita saa nne. Sitara aliipokea, akamshikia sikioni.

"Shikamoo mama. Joyceline hapa, wa kliniki, yule wa utafiti."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, dawa imefaulu! Alhamisi tuna sherehe. Tunakutumia gari."

Moyo ulimruka Paskalina. "Itakuwepo?"

"Nini, mama?"

"Dawa."

"Watakuwepo wakubwa wote, mama. Usikose."

Hakukosa. Sitara alimvisha, akamsuka, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Mlangoni mwa ukumbi wa hoteli Joyceline alimnyooshea mkono kwa tabasamu, akauona mkono aliokuwa anapewa, akaurudisha wake.

"Jamani mama, mbona umejiachia hivi?"

"Nimejiachia? Nyie ndio mlioniacha."

Joyceline aliita msaada kwa macho. Dokta Rogath akaja, suti imemkaa, kadi ya jina kifuani.

"Daktari, nimefuata dawa."

"Mama Paskalina, dawa hii haijasajiliwa hapa nchini. Kampuni imeanza kuiuza nchi za nje."

"Ilijaribiwa wapi?"

"Nchi nyingi tu."

"Mimi mlinijaribia wapi?"

Daktari alishusha pumzi. "Mama, uliridhia. Ukurasa wa tisa umeandikwa wazi: dawa ni kwa kipindi cha utafiti tu."

"Mlinisomea ukurasa wa tisa? Mlichotaka kwangu ni gumba!"

"Ni utaratibu. Hata mimi sina mamlaka."

"Wenye mamlaka si ndio wale waliokaa mbele? Nipeleke kwao."

"Leo ni siku ya furaha, mama. Usituharibie." Akamgeukia Joyceline, akanong'ona, ila Paskalina alisikia. "Mtafutie mtandio. Afunike hiyo mikono."

Wakamkalisha mstari wa kwanza, mtandio mapajani. Taa zikapunguzwa. Ukutani ikatokea mikono yake mwenyewe, mikubwa kama milango, myepesi, ikitunga uzi na kusukuma kitambaa cheupe chini ya mguu wa cherehani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Na shujaa wetu tunaye hapa hapa!" alipaza mshereheshaji. "Mama, simama wakuone!"

Alisimama. Mtandio ukaanguka.

"Nipe hicho kipaza sauti."

"Muda, mama, muda hauturuhusu!" Mshereheshaji alicheka, akasogea pembeni.

Paskalina aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, mabega yakimchoma kama yamepigwa msumari, vidole vimepinda kila kimoja upande wake.

"Tazameni!" alipiga kelele. "Tazameni mlichofanya!"

Muziki ulikuwa umeshafunguliwa. Sauti yake haikuvuka mstari wa pili.

"Anatupungia jamani!" alisema mshereheshaji. "Na sisi tumpungie!"

Viti vikasukumwa nyuma. Ukumbi mzima ukasimama na kuinua mikono, mamia ya vidole vilivyonyooka vikipepea, na mgeni rasmi, ili asionekane mchoyo, akapunga kwa mikono yote miwili.