Injini Haijazoea

Siku ya Jumatatu saluni haina wateja wengi, kwa hiyo msusi alichukua draya ya mkono, akainama juu ya lori la rimoti lililokuwa kwenye meza ya rangi za kucha, akaanza kuipasha moto injini yake. Ilikuwa injini ndogo ya kuenea kiganjani, mpya na ngumu. Pistoni ikifika juu inabana, na ukiilazimisha ikiwa baridi unaikwangua kabla haijafanya kazi yoyote. Hayo aliyasikia kwa mumewe, dereva wa malori, ambaye alinunua kile kilori akakiweka uvunguni, akisubiri likizo aje aizoeshe injini taratibu kama inavyotakiwa. Likizo haikuja. Alikufa kwenye mteremko, ndani ya lori la kampuni, na kampuni ikatangaza kwamba alisinzia.

Neno hilo msusi hakulikubali. Mumewe alikuwa mtu wa kukosa usingizi hata kitandani. Wateja walikuja kusuka, wakampa pole, kisha wakasema kwa upole kwamba usingizi ni kitu kibaya.

"Sasa imepata moto, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, akiigusa injini kwa kidole. Naye alikuwa dereva wa kampuni ileile, na siku hizo alikuwa na nafasi kwa sababu lori alilopewa lilikuwa gereji, limefunguliwa injini. Lilikuwa lori lilelile la kaka yake, limenyooshwa bodi na kupigwa rangi.

Wakakiweka kilori juu ya beseni lililofunikwa ili magurudumu yazunguke hewani. Shemeji akajaza mafuta, akaziba bomba la moshi kwa kidole na kuvuta kamba kidogo kidogo mpaka mafuta yakapanda kwenye mpira. Akachomeka kiwashio juu ya plagi, akavuta tena kwa nguvu. Injini ikakohoa, ikadaka. Skrubu ya kabureta ilikuwa imefunguliwa sana makusudi, mafuta mengi na hewa kidogo, kwa sababu injini mpya hunyweshwa kwanza. Moshi mzito wa bluu ukajaa chumbani, na marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili.

Saluni ilikuwa na viti viwili tu. Kwenye cha kwanza alikuwepo mteja mwenye rola kichwani, akasogeza magoti ili marehemu apate pa kuweka miguu.

"Msiikanyagie mafuta," marehemu alisema. "Iacheni iungurume hivyohivyo."

"Umekonda," mkewe alimwambia.

"Moshi huo."

Mteja aliuliza kama harufu ile itashika kwenye nywele, akaambiwa ukiosha inatoka. Msusi alifurahi, na furaha ile ilimuuma kifuani kama tonge lililomezwa bila kutafunwa. Alitaka kumgusa, akaogopa kumtawanya. Alibaki ameshika draya iliyozimwa mpaka tangi likaisha, injini ikanyamaza, moshi ukatoka mlangoni na marehemu akaondoka nao.

Shemeji akaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikashuka chini, ili silinda ipoe bila kubanwa. Wakasubiri. Kisha akaikaza skrubu kidogo sana, maana kwa kila tangi injini hupunguziwa mafuta hadi izoee. Moshi wa tangi la pili ulikuwa mwepesi zaidi. Marehemu alikuja, ila ungeweza kusoma kalenda ya ukutani kupitia kifua chake.

"Sikusinzia," alisema bila kuulizwa. "Injini ilitoka gereji asubuhi ileile, ina pistoni mpya. Nikamwambia meneja, bosi, hii inataka kutembezwa tupu kwanza. Akasema mzigo una mwenyewe. Wakanipakia nondo. Kwenye mteremko injini ikakamata, ikagoma kuzunguka, usukani ukawa mzito, na kona ikawa imeshafika."

"Mimi nilijua," mkewe alisema.

"Langu linatoka Alhamisi," alisema mdogo wake.

"Wanakupakia nini?"

"Nondo."

Msusi akaweka draya mezani. "Hebu mpigie meneja simu," alimwambia shemeji yake. "Aje asikie kwa masikio yake."

Meneja alifika tangi la tatu likiwa linawaka. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Watu wa cheo chake hawana haja. Alivua kofia, akasalimia wote, akamgeukia marehemu.

"Pole sana, dereva."

"Nimeshapoa, bosi."

Kiti hakikuwepo, akasimama. Marehemu alirudia maneno yake, na meneja alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Ni kweli uliniambia," alisema. "Nakumbuka mpaka shati ulilovaa."

"Basi semeni hivyo," msusi alisema. "Semeni hakusinzia. Na hilo lori litembezwe tupu kwanza. Huyu ndiye tuliyebaki naye."

"Mama, lile jambo limeshafungwa. Na shahidi mwenyewe ndiye huyu." Alimwonyesha marehemu kwa kidevu, kwa heshima. "Kuhusu Alhamisi, mzigo una mwenyewe. Kama bwana mdogo hawezi, aseme tu. Getini wapo wanaosubiri."

Bwana mdogo alitazama viatu vyake. Hao wa getini aliwapita kila asubuhi, na mwaka mmoja nyuma alikuwa mmoja wao. Meneja akakohoa, akaomba radhi kwamba kifua chake hakipatani na moshi, akafungua dirisha.

"Mdogo wangu, usi…" marehemu alisema, na upepo ukamchukua.

Kinachoudhi ni kwamba injini ile ilizoea vizuri sana. Shemeji hakuiharakisha hata kwenye tangi la mwisho. Pistoni iliteleza, mlio ulikuwa safi, moshi karibu hakuna. Walikishusha kilori chini, kikakimbia barazani na kukata kona kwa raha, na mteja mmoja akapiga makofi. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa," shemeji alisema, akampa msusi rimoti.

"Usiende."

"Nitakwenda polepole, shemeji."

Alhamisi alikwenda polepole. Injini ilikamata kwenye mteremko uleule. Kabla ya jioni kampuni ilitangaza kwamba alisinzia, na watu wakasema labda ni ugonjwa wa ukoo.

Baada ya mazishi msusi alifungua saluni, akaishika skrubu ya kabureta, akairudisha nyuma kupita hata ilivyokuwa mwanzo. Fundi yeyote angemwambia anaiharibu injini nzuri. Alijua, na hakujali. Aliipasha kwa draya kama kitu kilichotoka dukani jana, akavuta kamba. Moshi ukajaa. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake, na shemeji yake kwenye kile cha kwanza, mikono bado imeinuliwa kushika usukani usiokuwepo.

"Nilikwenda polepole, kaka."

"Najua."

"Na sikusinzia."

"Najua, mdogo wangu. Shusha mikono."

Ndipo meneja alipoingia na rambirambi za kampuni. Alikuwa amebeba kiti cha ofisini, kizuri, chenye mto. Alisema siku ile aliona viti havitoshi. Msusi alidhani anataka kukaa, akamkaribisha. Meneja akashukuru, akasema ana haraka, lori likishanyooshwa linatoka gereji na dereva mpya, na mzigo una mwenyewe. Alikiweka kiti kando ya wale ndugu wawili, akakikandamiza kwa mkono kuona kama kiko imara, akafungua dirisha na kwenda zake.

Msusi akalifunga dirisha. Kisha akachukua kitambaa, akakifuta vumbi kile kiti cha tatu.