Mfalme Hakupika Pombe

Mwaka tisini na nne tulisomewa waraka ofisini: serikali inapunguza wafanyakazi, na karani atakayekuwa hana cheti cha kidato cha nne hadi katikati ya mwaka ujao aanze kufungasha virago. Mimi Dorkas, karani wa masijala kwa miaka kumi na minane, sikuwa nacho. Nilikuwa nimebakiza somo moja tu, Historia, na nilishalifeli mara mbili kwa swali lile lile: kwa nini Wafaransa walimpindua mfalme wao. Jamani, mfalme wa watu, kafa zamani, bado ananinyima ugali!

Sababu nilizikariri kama kasuku. Nikiingia chumba cha mtihani, zote zinayeyuka. Mume wangu Alute alicheka, akaniambia nikalime alizeti niachane na Wazungu. Nikachukua daftari langu nikatoka nje, maana ningemtukana.

Mwalimu Leonidas, aliyekuwa akinifundisha Jumamosi, alikuja nyumbani Misigiri siku majirani walipokuwa wakinipuria mtama. Kwetu ukiita watu kazini, unapika pombe. Hilo halina mjadala. Akaitazama ile mitungi, akauliza nisingepika ingekuwaje. Nikamwambia wangetupa magongo yao chini wakaondoka, na siku ya msiba wangu nisingemwona mtu.

"Basi, mama," akasema, "yule mfalme aliwaita watu wachimbe barabara, na hakupika."

Nikakaa chini. Akaendelea: chumvi aliitoza kodi, wakubwa na mapadri hawakulipa kitu, na mwaka wa njaa mkate ukapanda bei huku kwake wanakula na kusaza. Nikauliza walivumilia muda gani. Miaka na miaka, akasema. Nilikasirika kweli kweli. Walichelewa, watu wale!

Novemba swali likaja tena. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini hasira ilinisukuma, nikajaza kurasa tatu. Nilipotoka nje ndipo nikakumbuka: nilikuwa nimeandika kwamba mfalme hakuwapikia watu pombe. Kichwa maji mimi! Nilipomweleza mwalimu alijishika kichwa, na wasiwasi ukanikondesha hadi Machi.

Matokeo yalipobandikwa, nilianza kutazama chini kabisa, kwa waliofeli. Sikuwepo. Nikapanda na kidole polepole, nikajikuta. Historia, C. Niliketi pale pale barazani nikalia bila aibu. Siku hiyo hiyo mkuu wa ofisi alilikata jina langu kwenye orodha ya wanaoondoka.

Jioni nilimkuta Alute akifungia ng'ombe zizini. Nikamwonyesha karatasi niliyonakilia matokeo. Aliisoma, kisha kwa mara ya kwanza akaniuliza habari za yule mfalme, mwishowe walimfanyaje.

"Walimwondoa," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimebaki."