Kamba ya Musafiri

Kamba ilikuwa mpya. Sosthène aliinunua sokoni Bwera siku ya Jumamosi, akaipima shingoni mwa mbwa mara tatu, kisha akaitundika kwenye msumari karibu na mlango. Mtu asije akasema hakujiandaa. Kijiji kizima hakuna aliyejiandaa kama yeye.

Tangazo lilikuwa limepita wiki nzima, bodaboda yenye kipaza sauti ikipanda na kushuka kilima. Kichaa cha mbwa kimeingia. Mama mmoja wa ng'ambo ya kijito ameumwa na amekwisha kuzikwa. Jumanne atapita daktari wa mifugo pamoja na askari. Kila mwenye mbwa asimame nje ya nyumba yake, kamba mkononi, mbwa wake achanjwe. Mbwa asiye na mtu ni wa risasi.

"Baba Patience, umesikia?" aliuliza Yudesi, mjane aliyewapa chumba walipovuka mpaka kutoka Kongo. "Wewe simama tu. Shika kamba, basi. Hakuna kazi ingine."

"Nilisha sikia, mama. Hata mvua ikinyesha, nitasimama."

Na alimaanisha. Maana mbwa huyo hakuwa wa kulinda mihogo.

Patience alikuwa na miaka saba, na kabla ya mbwa huyo alikuwa amekaa mwaka mmoja na miezi minne bila kutamka neno. Kwao, kijiji cha nje kidogo ya Beni, siku walipokuja wale watu wenye mapanga na bunduki, Sosthène alimvuta binti yake chini ya kitanda akamziba mdomo kwa kiganja. Mama wa mtoto alikuwa uani anaanika mihogo. Yote yaliyotokea uani, mtoto aliyasikia, na kiganja hakikubanduka mpaka nje pakawa kimya kabisa. Wakapona wawili. Mkono uliondoka, lakini mdomo ulibaki umezibwa.

Sosthène alimpeleka mpaka Kasese kwa daktari. Daktari akamwangalia masikio, akamwangalia ulimi, akasema vyote vizima, mwache acheze. Sosthène alitoka amefura kwa hasira. Safari yote ile kwenda kuambiwa mtoto acheze! Acheze na nani? Watoto wa kijijini walikwisha kumchoka, asiyejibu hachezeki.

Pale kwenye stendi ya teksi, mbwa mmoja alikuwa amejikunyata chini ya gari, mgongo umeunguzwa na mafuta ya chapati, na watu wasio na kazi wakimtupia magunzi ya mahindi. Patience akaponyoka, akaingia chini ya gari. Aliitwa, akabembelezwa, akatishiwa fimbo. Wapi! Dereva akapiga honi. Mwisho Sosthène akalala kifudifudi juu ya matope na oili, akachungulia. Binti yake alikuwa amemkumbatia yule mbwa, na kwa mkono mmoja amemfunika macho asiwaone watu. Baba akainuka akaenda kuomba gunia.

"Nilijua utaleta dawa," Yudesi alicheka mpaka akashika mlango. "Unaleta mbwa!"

Mchezo waliubuni wenyewe, mtoto na mbwa. Patience hujificha, mbwa hutafuta. Nyuma ya choo, katikati ya migomba, chini ya magunia ya kahawa. Mbwa alikuwa mjinga wa kupendeza. Angepita palepale mara mbili, ananusa, anapiga chafya, na akimpata hubweka kama aliyeokota nyama. Wiki ya tatu Patience alicheka. Sosthène alikuwa anamenya mihogo, kisu kikamkata kidole, wala hakuhisi.

Kisha ikaja siku ambayo mbwa alishindwa kabisa. Alikwenda akapotelea huko kwenye mibuni, na mara sauti ikatoka ndani ya nyumba, chini ya kitanda, sauti ndogo yenye kutu:

"Musafiri! Niko huku!"

Jina hilo hakuna aliyempa mbwa ila yeye. Sosthène alikaa chini palepale uani akalia bila haya.

Tangu siku hiyo mtoto aliongea, ila na mbwa tu. Baba akitokea, ananyamaza. Basi baba akajifunza kusimama nyuma ya ukuta na kumsikiliza binti yake akimsimulia Musafiri habari za mama yake, jinsi alivyosuka nywele, jinsi alivyoimba kanisani vibaya. Haba na haba hujaza kibaba, alijiambia. Leo anamwambia mbwa, kesho ataniambia mimi. Hilo ndilo tumaini lililokuwa limebaki la kumfanya aishi, jingine hana.

Jumanne ikafika. Yudesi aliteremka shambani mapema. Sosthène hakwenda kubeba mizigo mpakani. Alisimama mlangoni na kamba yake, akampigia mluzi mbwa aliyekuwa anazunguka uani na Patience.

Mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka chini, upande wa kijito. Wa pili ukafuata, karibu zaidi. Alijua ni nini. Narudia, alijua, asije mtu akamwita mpumbavu. Lakini kati ya migomba akaona nguo za kijeshi zinapanda, na mtutu wa bunduki, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kamba ikamtoka mkononi. Alimnyakua Patience, akafunga mlango, akajikuta chini ya kitanda, kiganja juu ya mdomo wa mtoto.

"Nyamaza, mutoto yangu. Batu beko inje."

Kwa Musafiri, mchezo ulikuwa umeanza. Walisikia kucha zake zikizunguka nyumba, upande wa choo, upande wa magunia, zikarudi. Akanusa chini ya mlango. Akapiga chafya. Kisha akabweka kwa furaha yake yote, kwamba leo amewapata wawili kwa mpigo.

"Hodi! Nyumba hii iko na watu?" sauti iliita. "Mbwa hii ni ya nani?"

"Kamba iko hapa chini, afande," sauti nyingine ilisema. "Lakini mtu hakuna."

"Mwenye mbwa, toka! Hatuna shida na wewe!"

Waliita mara tatu. Haki yao tuwape. Sosthène alijiambia inuka. Mtu huinuka, hufungua mlango, husema ni wangu. Maneno mawili tu! Miguu haikumsikia. Chini ya kiganja chake alihisi maneno ya mtoto yakisukuma, ya moto, jina lile lile mara nyingi. Patience alimng'ata mpaka damu ikatoka. Kiganja hakikubanduka.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu aliuona, akafia mlangoni.

Yudesi alikuja mbio kutoka shambani, leso imemwanguka. "Ulikuwa wapi, Baba Patience? Si nilikwambia simama tu?" Akamtazama usoni. Alichukua jembe, akachimba mwenyewe chini ya mibuni, akamfukia Musafiri na kamba yake.

Patience hakulia. Hakutoka hata chini ya kitanda. Sosthène alipiga magoti mbele yake.

"Nitukane, mwanangu. Sema kitu. Sema ni mimi nilimuua."

Mchana ukapita, chakula kikapoa. Hapo ndipo baba, mtu mzima mwenye ndevu, alipotoka nje na kuanza kuzunguka nyumba. "Patience iko wapi?" aliita. Alitafuta nyuma ya choo. Akatafuta kwenye migomba, akainua magunia ya kahawa moja moja, akapiga chafya ya uongo kwenye kizingiti, na Yudesi akageukia ukuta asione. Kisha akaingia ndani kwa mikono na magoti.

"Nimekupata," alisema, akainama kuchungulia.

Mtoto alikuwa anamtazama. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.