Kamati Ilipokwama kwenye Togo

Kezia alipoambiwa kwamba kinamasi cha Oseri kitajengwa njia ya matembezi, swali lake la kwanza lilikuwa inakwenda wapi.

"Haiendi popote," Rispa, jirani yake, akamjibu. "Wageni wa hoteli watatembea, watatazama ndege, halafu watarudi kunywa chai."

"Watembee bila safari?"

"Bila safari yoyote."

Kezia akacheka mpaka akakaa chini. Maishani mwake kila njia aliyoikanyaga ilikuwa na mwisho wake: soko, kanisa, kisima, au nyumba yenye msiba. Njia ya kwenda kusikokuwa na shughuli na kurudi mikono mitupu, hiyo hata wakoloni hawakuifikiria, na wale walifikiria mengi. Lakini Rispa hakuwa akicheka. Akanyoosha mkono, akaonyesha itakakopita: katikati kabisa ya kinamasi, juu ya tuta la murram, ule udongo mwekundu wa barabara, na mifereji ya kukausha maji huku na huku. Hapo Kezia akaacha kucheka.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na baraza la wilaya lilikuwa na hamu ya kuupamba mji wa Homa Bay ili wageni wasiseme tumeshindwa. Hamu si dhambi. Shida ni kwamba wanaopamba mji huwa hawaulizi pambo litamwangukia nani kichwani.

Oseri palikuwa shamba la akina mama ambalo hakuna aliyelipanda. Humo ndimo ilimoota togo, ile mimea mirefu ya majini yenye vichwa vya nywele, ambayo wanawake wa pale walisukia mikeka. Mumeo akifa na shamba likagombewa na shemeji zako, togo haikugombewa na mtu. Mwenye mundu na kiuno cha kuinama alikata. Kezia alifiwa na mume mapema, na mikeka ya Oseri ndiyo iliyomlisha na kumsomesha binti yake Benta mpaka akawa mwalimu. Tuta likishajengwa, maji ya ziwa hayataingia tena ndani, togo itakauka, na kambare hawatakuwa na pa kutagia. Na mvua kama zile za mwaka wa sitini na mbili zikirudi, hakutakuwa na kitu cha kulizuia ziwa lisiingie majumbani. Mambo hayo hayakuwa siri. Kila mtu aliyajua, hata waliochora ile njia. Walichokosa si habari, ni kuona haya.

Wanawake walikwenda ofisini Homa Bay kusema. Wakapewa benchi, wakakaa, na karani akatoka kuwaambia kwamba maoni yao yamepokelewa. Yalipokelewa na nani, wakati hakuna aliyefungua kinywa? Kezia alirudi nyumbani na hasira, akaapa kwamba hataketi tena kwenye benchi la mtu.

Sasa, mwenyekiti wa kamati iliyopewa kazi ya kupima hasara na faida za njia hiyo alikuwa Maurice. Na Maurice alikuwa mume wa Benta.

Asiyejua mambo ya Waluo atasema, basi si afadhali, mama aende akaongee na mkwewe. Ajaribu! Mama mkwe huitwa maro, na maro na mkwewe hawashikani mikono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, wala si ugomvi. Tangu ng'ombe wa mahari walipofika kwake, Kezia hakuwahi kuujua uso wa Maurice vizuri, ila alijua mlio wa gari lake. Akiusikia tu, huyo porini, mzigo wa mikeka kichwani, mpaka vumbi litulie. Na tuseme ukweli, aliyeingia porini kila mara alikuwa yeye. Mwenye gari haingii porini.

Kamati ingepitisha njia ile mezani na kwenda kula samaki, kama si Gisiri. Huyu alikuwa diwani kutoka upande wa Isebania, Mkuria mwenye sauti kubwa, aliyetaka pesa hizo zijenge josho la ng'ombe kwao. Alisimama akasema kwamba kanuni za baraza zinataka ardhi inayotumiwa na watu wote ikaguliwe kwa macho, na kwa miguu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kamati nzima. Hakuwa na huruma na togo hata kidogo. Lakini kanuni ni kanuni, na Maurice, ambaye alipenda kuonekana mtu wa kanuni, akakubali. Siku ikatajwa, na chifu akapita akitangaza kwamba siku hiyo mwanamke yeyote asiingie Oseri.

"Basi nitaingia," Kezia akasema.

"Utafungwa," Rispa akamwonya.

"Huko jela si wanalalia mikeka? Watanihitaji."

Siku hiyo ilipofika, aliingia asubuhi kama kawaida. Na kawaida ya kukata togo ni hii: maji yanafika mapajani, kwa hiyo mwanamke huvua gauni, akalining'iniza kwenye mti, akabaki na shimizi aliyoikunja na kuifunga kiunoni. Ndiyo maana mwanamume hakaribii pale kabla ya kusimama mbali na kuita, akajibiwa, akangoja watu wavae. Hata walevi walijua hivyo. Kezia alichagua mahali pake vizuri, pale penye vijiti vya wapimaji, ambapo mtu hawezi kuifuata njia iliyochorwa bila kupita mbele ya pua yake. Akainama, akaanza kukata.

Landrova ikaja. Miguu yake, kwa mazoea ya miaka, ikataka kukimbia. Akaikatalia. Juu kwenye ukingo, Rispa na wanawake wengine walikuwa wamekusanyika, kwa maana chifu alikataza kuingia, hakukataza kutazama.

Wajumbe wakashuka. Maurice alikuwa mbele, suti ya kijivu, kofia kichwani, viatu vinang'aa. Akaona mgongo uliokuwa majini, akaujua ni wa nani. Akasimama ghafla, akageuza uso upesi akatazama ziwa.

"Mheshimiwa Gisiri," akasema kwa Kiswahili, "tafadhali mwambie huyo mama atoke. Tuko kazini."

Gisiri akasogea mpaka ukingoni, naye akiangalia pembeni. "Mama! Chairman anasema utoke."

Kezia hakuinuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilimtosha. "Ambia yeye na mimi niko kazini. Tena mimi nilianza mbele yake."

Wanawake wakacheka. Mjumbe mmoja akakohoa.

"Mwambie tutapita dakika chache tu," Maurice akasema, bado akilihutubia ziwa.

"Anasema ni dakika chache, mama."

"Ambia yeye hii maji ni ya wamama, mwanamume anaitisha kwanza. Ameitisha? Sijasikia. Na akiitisha, najibu hapana."

Gisiri akamgeukia mwenyekiti akiinua mabega. Alikuwa ameanza kufurahi. Josho lake aliliona linakaribia. Akapendekeza, kwa upole wa paka, kwamba kama mwenyekiti haoni njia ya kupita, kamati iahirishe mpaka mwaka ujao wa fedha.

Neno hilo ndilo lililomharibu Maurice. Hakuwa mtu mbaya, na anayesimulia hili hataki afikiriwe hivyo. Alikuwa mtu aliyesoma kwa taabu, aliyepewa kiti kikubwa angali kijana, na mbele yake walikuwapo diwani anayemcheka moyoni, wanawake wanaomcheka waziwazi, na dereva wake mwenyewe aliyejificha nyuma ya mlango wa gari ili acheke vizuri. Akakaza tai yake.

"Hii ni kazi ya serikali," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Na serikali haina maro!"

Akaingia majini na viatu vyake.

Ukelele ukapanda kutoka ukingoni. Rispa alijifunika macho kwa mikono yote miwili. Kezia alisikia maji yanachapwa nyuma yake, hatua baada ya hatua, na aibu ikamwaka kuanzia shingoni hadi magotini, aibu ya kweli, kwa kuwa yeye alikuwa anaiamini heshima ile kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa ameiweka kama ukuta, na kijana ameuruka. Sasa angeweza kujitupa ndani ya togo, ajifiche, na njia ipite. Au la.

Akafungua fundo la shimizi, akaiachia ianguke majini mpaka imfunike miguu. Kisha akageuka na kumtazama mkwewe usoni.

Maurice akasimama. Kezia akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba ana macho makubwa ya mtoto, na kwamba ameogopa. Hilo lilimuuma. Lakini hakumsemesha yeye. Hata wakati huo hakumsemesha. Alipaza sauti kwa Gisiri.

"Bwana! Wewe ni shahidi. Huyu amesema serikali haina maro. Sawa. Basi mimi si maro yake. Na kama mimi si maro yake, Benta si bibi yake! Ng'ombe wake wako kwangu, aje achukue. Achague hapa hapa. Akisogea mguu moja, aende nyumbani aambie msichana wangu afunge vitu."

Wakasikika wale ndege wa kutazamwa na wageni. Gisiri alikuwa ameacha kufurahi. Kwao Ukuriani mtu angekubali kukanyaga nyoka kabla ya kumkaribia mama wa mkewe, na maneno kama hayo yakisemwa mbele ya watu hayarudishwi kwa chai. Akawageuzia mgongo wote wawili.

"Bwana Chairman," akasema taratibu, "mimi kwa hii sikufuati."

Wajumbe wengine nao, mmoja mmoja, wakageuka, na kwenye ukingo mzima hakukubaki mwanamume anayetazama.

Maurice alibaki peke yake na maji yake ya magotini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeinuka kidogo kwenye matope, na Kezia aliuangalia mguu ule kuliko alivyowahi kuangalia kitu chochote duniani. Alimwona Benta na sanduku mlangoni. Alimwona mjukuu wake mgongoni mwa Benta. Wala hakulirudisha neno hata moja alilosema.

Mguu ukashuka, pale pale ulipokuwa. Maurice akavua kofia, akaishika mbele ya uso wake kama inavyompasa mkwe, na akarudi kinyumenyume, polepole, akipapasa kwa visigino, mpaka akafika nchi kavu. Akaingia kwenye gari bila kusema na mtu.

Baraza lilipokaa, Gisiri alisimama akasema kwamba kamati isiyoona haiwezi kushauri, na mwenyekiti hakumbishia. Njia ya matembezi ikapelekwa mlimani, kwenye mawe, ambako wageni walitembea, wakatazama, wakarudi kunywa chai, na hakuna aliyeumia. Josho Gisiri hakulipata, kwa hiyo alinuna msimu mzima. Huku Oseri wanawake walikata togo, na jina la Kezia likavuka mpaka Mbita. Watu wasiomjua wakawa wanamwigiza sokoni, shimizi na kila kitu. Alitembea kichwa juu. Kwa nini asitembee hivyo? Alikuwa ameshinda.

Jumapili moja baada ya ibada Benta akaja, peke yake. Kezia alikuwa akisuka nje. Benta hakukaa kwenye kiti alicholetewa.

"Mama," akasema, "siku ile majini. Ulijua atarudi nyuma?"

Kezia angeweza kudanganya. Jibu tamu lilikuwa tayari kwenye ulimi: nilijua, mwanangu, nilijua anakupenda.

"Sikujua," akasema.

"Na angesonga?"

"Ungerudi hapa."

"Mtoto je? Watu wa Maurice wangemwacha nije naye?"

Kezia aliendelea kusuka. Swali hilo alikuwa amejiuliza usiku mwingi, na kila mara alifika mahali pamoja. "Wasingekuacha. Lakini tuta lingepita, Benta. Wanawake wote hawa wangekula nini? Usitake niseme najuta. Sijuti. Akija tena kesho, nitasema vilevile."

Alingoja kilio, au matusi. Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili, na alikuwa na majibu. Benta akainama, akauvuta ukingo wa mkeka ulipokuwa umelegea, akaukaza kwa vidole vilevile vilivyofundishwa pale pale uani alipokuwa mdogo.

"Kesho ukitaka kusema vilevile," akasema, "uniulize kwanza. Hata siku ile, pengine ningekuambia sema."

Akachukua kitabu chake cha nyimbo na kuondoka. Kezia alibaki ameshika togo mkononi, akimwangalia mpaka akaishia kwenye kona ya kanisa.