Kitufe Kimoja Kilikuwa Kingi

Mchoraji alikuwa amebandika ukuta mzima kwa skrini za karatasi za programu ya simu ya kuwaarifu watu maji yakitoka: ramani ya mabomba, rangi ya kila mtaa, hata nyota za kuwatunuku majirani wema. Binamu yake, mwandishi wa programu aliyeitwa Kidole kwa kuwa aliandika kwa kidole kimoja tu, alizitazama akauliza zote hizo zingekamilika lini. Jumatatu, akajibiwa. Kidole alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Jumatatu ilikuwa haina mjadala. Siku hiyo shangazi, aliyemzaa Kidole na kumlea mchoraji, alikuwa ameitwa kushona sare kwenye karakana ya mtaa wa nyuma. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akizikataa kazi za namna hiyo, maana bomba la uani hutoa maji linapotaka, kisha hukata, na asiyekuwepo hulala na ndoo tupu; nao vijana wake wawili siku za kazi hushinda mjini. Msimamizi alikubali atoke mara moja kwa siku kwenda kukinga. Sasa atajuaje atoke saa ngapi? Bila kujua, shangazi alisema, haendi mtu. Mchoraji alimpenda mwanamke huyo kuliko alivyoipenda michoro yake, na hilo si dogo.

"Mtaka yote hukosa yote," Kidole akasema, wakaanza kubandua karatasi. Ramani ikaenda. Nyota zikaenda. Kikabaki kitufe kimoja kikubwa: Maji yametoka. Jirani yeyote akikibonyeza, simu ya shangazi inaita. Kufikia Ijumaa jioni kilikuwa kwenye simu za majirani wote, na wale wawili wakawa wanatembea vifua mbele.

Jumamosi shangazi akatumwa sokoni makusudi, ili wakijaribu, na kweli, bomba likakohoa. Mtaa mzima ukalipuka: ndoo, madumu, masufuria. Simu ya shangazi haikuita. Kidole akatoka chumbani akiwalaumu majirani wasioshukuru, mpaka macho yake yakatua kwa mchoraji mwenyewe, ndoo kila mkono, ameloa hadi magotini, simu imetulia mfukoni.

"Hata wewe?"

Mganga hajigangi. Mchoraji aliona haya, kisha akaona jambo. Nani mwenye akili timamu, maji yametoka, atashika simu aache ndoo?

"Kitoe kitufe," akasema. "Hata hicho kimezidi."

Jumapili nzima walishinda uani. Simu kuukuu ya Kidole, yenye kioo kilichopasuka, waliifunga kwa kamba ukutani juu ya pipa linalovuja lililokuwa chini ya bomba, bomba wakaliacha wazi. Kazi yake ilikuwa moja: ikisikia maji yanapiga pipa, impigie shangazi. Walijaribu kwa kumwaga maji ya kopo, na kila ilipoita walirukaruka kama watoto. Mara moja iliita kwa sababu ya kikohozi cha jirani. Wakarukaruka vilevile.

Jumatatu shangazi akaondoka, kila hatua akigeuka nyuma. Wale wawili, walioomba ruhusa kazini siku hiyo, wakakaa kizingitini, wameapa kutogusa kitu. Adhuhuri bomba likakohoa, maji yakalipiga pipa, simu ikawaka, ikampigia shangazi. Pipa likafika nusu. Hakuna mtu. Mchoraji alikuwa amemshika Kidole mkono kwa nguvu mpaka akalalamika, na ndoo ilikuwa palepale miguuni.

Kisha lango likafunguka, shangazi akaingia mbio, futi ya kupimia shingoni, nyuzi za buluu zimenasa kwenye gauni. Mchoraji alitaka kumkumbatia. Shangazi akamtia ndoo mkononi.

"Kinga upesi, mwanangu," akasema, akihema na kucheka. "Kazi inanisubiri."