Kikapu Kilichopigiwa Soga

Nyumbani kwa Hosniyah, huko Bondowoso, palikuwa na saa moja tu ya utulivu: pale mama mkwe wake, Nyai Satija, alipoinyunyizia hamira mihogo iliyochemshwa, apate tape, yaani mihogo iliyochachuka, tamu ya kuuza. Saa nyingine zote mdomo wa Nyai haukuwa na breki. Lakini akishika hamira, kimya. Ukisema neno, tape inageuka siki. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake mwenyewe.

Hosniyah, mwalimu wa muda wa darasa la tano, alimrekodi kwa simu akatengeneza somo la sayansi la kidijitali. Ukurasa wa mwisho ulitangaza: mate ya msemaji yana vijidudu vya kuharibu tape, ndiyo maana wazee hunyamaza. Mkaguzi akiridhika nalo, angempendekeza aajiriwe moja kwa moja.

Ili kulinogesha, watoto walitengeneza vikapu viwili vya tape. Kimoja kwa kimya. Cha pili wakakipigia soga, mmoja akakiimbia kabisa.

Siku ya mkaguzi, Pak Mursidi, Nyai naye akaja, eti kaleta majani ya mgomba. Vikapu vikafunguliwa. Tape laini, tamu, vyote viwili. Na ukutani projekta inauonyesha ule ukurasa.

"Mwalimu," akasema Laili wa dawati la mbele, mashavu yamejaa, "ukuta umekosea, au tule zaidi tuhakikishe?"

Darasa likaangua kicheko. Kidole cha Hosniyah kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuzima projekta. Angeweza kusema kikapu cha soga kingeharibika kesho. Akamtazama mkaguzi, kalamu imesimama. Akaufuta ukurasa mbele ya wote, akaandika: Tumejaribu mara moja. Tujaribu tena, tujue kwa nini.

Pak Mursidi aliomba kipande kingine, akalamba vidole, akasema masomo yenye majibu amekagua mpaka amechoka. Jina la mwalimu huyu atalipeleka.

Nyai peke yake hakucheka.

"Kumbe yule mama mkwe wangu alikuwa amechoshwa na mdomo wangu tu," akasema.

Asubuhi iliyofuata alishika hamira, akaanza kusimulia harusi ya binamu yake, akaingia kwa majirani, mmoja mmoja. Hosniyah alivumilia mpaka nyumba ya nne.

"Mama," akasema kwa upole, "jaribio moja halithibitishi kitu."

"Ndiyo maana najaribu tena, mwanangu. Sasa yule wa nyumba ya tano..."