Kadi ya Bukasero

Matayo Mukasa alikuwa na kanuni moja kazini, na kwa ajili yake angegombana hata na anayemlipa mshahara: sifuri ni sifuri, patupu ni patupu. Usivichanganye. Ukiandika sifuri kwenye ramani ya tetemeko, unasema pale alikuwapo mtu, akatega sikio, akaona hakuna kilichotikisika. Ukiacha patupu, unasema hujui. Basi. Watu wengi huona ni mamoja, na ndiyo maana, kwa maoni ya Matayo, watu wengi hawafai kupewa ramani.

Kanuni hiyo alitoka nayo Entebbe, kwenye ofisi ya jiolojia ya serikali, alikofanya kazi miaka tisa kabla ya kuikimbia nchi. Ardhi ya Uganda haitulii, hasa upande wa magharibi penye milima na maziwa. Mashine za kupimia zilikuwa chache na nusu yake mbovu, kwa hiyo yeye na mwenzake Eriya wakabuni njia yao wenyewe. Kila Januari walimpelekea kila mwalimu, katekista na karani aliyekubali furushi la kadi kumi na mbili zenye maswali, zilizokwisha kulipiwa posta, moja kwa kila mwezi. Ulisikia tetemeko? Ndani au nje? Nyumbani mlikuwa wangapi, na wangapi waliamka? Vyombo viligongana? Kuta zilipasuka? Na chini kabisa, kwa herufi nene: HATA KAMA HUKUSIKIA KITU, NI LAZIMA KUJIBU.

Sasa ilikuwa 1984, na Matayo alikuwa Stockholm, katika taasisi moja ya kupima matetemeko, kwa sababu Waswidi walikuwa wametoa msaada ili Uganda ichorewe ramani ya hatari. Eriya alibaki Entebbe. Alikusanya kadi, akazitia kwenye bahasha kubwa, akazituma Ulaya. Matayo akizipokea, anazisoma moja moja na kuipa kila sehemu namba ya ukali, moja hadi kumi na mbili, au sifuri pasipotikisika. Kazi nzuri, jamani, kwa mtu mwenye subira. Tatizo ni kwamba nchini mwake kulikuwa na vita, na kadi zilikuwa zinapungua.

Aliyemuumiza roho ni mmoja. Nakato, pacha wake, alikuwa mwalimu katika shule ya msingi ya Bukasero, karibu na Luweero, pale pale vita vilipokuwa vikali. Kwa Waganda, pacha wa kiume akitangulia kuzaliwa huitwa Wasswa na wa kike anayemfuata huitwa Nakato, na huyo dada hakuwahi kumwita kaka yake kwa jina jingine. Kwa miaka saba hakukosa mwezi hata mmoja, na kila furushi lilipofika alizipiga kadi zote muhuri wa shule. Tena hakuweza kujibu swali bila kutia lake. Vyombo viligongana? “Ndiyo, Wasswa, lakini ni paka.” Kuta zilipasuka? “Hazijapasuka, ila mwalimu mkuu karibu apasuke.” Yote kwa Kiganda, kwa mwandiko mdogo ulioinamia kulia. Mwaka jana alileta kadi ya Januari, Februari, Machi, Aprili. Kisha kimya. Mwaka mzima ulikuwa umepita, na kwenye jedwali la Matayo, mstari wa Bukasero ulikuwa mtupu, mwezi baada ya mwezi. Aliuacha mtupu kwa makusudi. Patupu maana yake hujui, na asiyejua bado anaweza kulala.

Tetemeko lenyewe lilipiga Februari. Matayo alifika asubuhi kubadilisha karatasi ya mashine, akaona sindano imechora mawimbi. Akachukua rula, akapima nafasi kati ya wimbi la kwanza na la pili: dakika nane na kitu. Hakuhitaji kitabu. Umbali ule aliujua, ulikuwa umbali wa kwao. Huko ilikuwa alfajiri, watu wamelala. Alibaki ameshika rula yake, akasema kwa sauti, “Nakato, safari hii lazima utaandika.” Hapakuwa na mtu wa kumsikia, na hata angekuwapo asingeelewa.

Aprili, theluji ikiwa imeanza kuwa tope barabarani, mkuu wa mradi akamwita. Huyu alikuwa Gunvor, mama wa makamo, mpole, mwenye akili kama wembe. Kila mtu pale alimwita Gunvor tu, jina kavu, hata vijana wa kufagia. Matayo alishindwa. Mtu mzima, profesa, umwite Gunvor kama mnayecheza naye kombolela? Kwa miaka mitatu aliongea naye Kiswidi bila kumtaja jina hata siku moja.

“Ramani inatakiwa Ijumaa,” Gunvor alisema. “Wajenzi wa shule wanaisubiri. Lakini hapa katikati umeacha shimo.”

“Kadi hazijaja.”

“Matayo, nani anahangaika kuandika barua kueleza kwamba hakuna kilichotokea? Hawakujibu kwa sababu hawakusikia kitu. Weka sifuri, tufunge mistari ya ukali kwenye ramani.”

“Watu wangu hujibu hata kama hawakusikia kitu.”

“Wote?”

“Wote.” Kisha akajisahihisha. “Walikuwa wanajibu wote.”

Gunvor akavua miwani. Alijua kuna vita, magazeti alisoma, na aliona haya kidogo. Lakini ramani ni ramani. “Mpaka Ijumaa,” alisema. “Bahasha isipofika, nitaandika mimi.”

Bahasha ilifika Jumatano. Kadi thelathini na moja tu, ilhali zamani walijibu watu mia mbili. Matayo akazipitisha haraka kwa kidole, akisoma tu majina ya vituo juu kulia. Fort Portal. Hoima. Masaka. Bukasero.

Loo! Moyo ulimpasuka kwa furaha, ikabidi akae. Palikuwa pamepigwa muhuri wa shule, ule ule uliofutika upande mmoja. Hakusoma zaidi. Kadi za Nakato hazisomwi ofisini. Tangu afike Uswidi alizisoma mezani kwake, amenawa mikono, na chai mbele yake. Akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaaga saa tisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwenye treni ya kwenda Alby alikaa mkono uko kifuani, akimtabasamia bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa hamwangalii.

Huko Alby alipanga chumba na sebule pamoja na Okech, Mkenya aliyekuja kusoma akaishia kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitali ya Flemingsberg. Okech ndiye aliyekuwa akimchokoza siku zote. “Mukasa, Kiswahili chako umejifunza wapi? Unaongea kama unanidai kitambulisho!” Na Matayo alimjibu siku zote vilevile, kwamba kwao Kiswahili ndicho lugha ya askari, lugha ya kudai kitambulisho. Yeye alikiokota kwa vibarua wa Entebbe. Dada yake hakukigusa kabisa, hata salamu alikataa. “Kwetu,” alimwambia Okech, “ukisikia Kiswahili mlangoni huulizi ni nani. Unatokea dirisha la nyuma.” Okech alicheka sana siku ile. Aliona ni mzaha wa Waganda.

“Ameandika!” Matayo alipiga kelele hata kabla ya kuvua viatu. “Okech! Dada ameandika!”

“Usiniambie! Mungu mkubwa! Leta mkono, bwana!” Okech alikuwa ametoka zamu, yuko na soksi tu. Wakashikana mikono, wakatikisana kama watu waliofunga bao. “Kaa chini. Chai naipika mimi leo, tena ya maziwa.”

Matayo akaiweka kadi mezani, uso chini, akaenda kunawa. Alinawa kwa muda mrefu. Alikuwa anaimba, na wala si mtu wa kuimba.

Okech alileta sufuria, akaisogeza kadi isirushiwe chai, ikapinduka, na jicho halina pazia. Akapaaza sauti kwa furaha: “Ala! Mukasa! Wewe si umeniambia dada yako hataki Kiswahili? Mbona ameandika Kiswahili kizuri kukushinda!”

Bafuni wimbo ukakatika.

Matayo alitokea mlangoni, mikono inachuruzika maji sakafuni. Okech akamtazama usoni, akaiangalia kadi tena, na cheko likamwisha. Akaisukuma taratibu upande wa pili wa meza.

Herufi kubwa, kalamu ya buluu, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Ulisikia tetemeko? NDIYO.

Ndani au nje? NDANI. TULILALA.

Mlikuwa wangapi, wangapi waliamka? KUMI NA MBILI. WOTE. WA LINDO ALIKUWA MACHO.

Vyombo viligongana? VYOMBO HAKUNA. BUNDUKI MBILI ZILIKUWA KWA UKUTA ZIKAANGUKA.

Kuta zilipasuka? DARASA LA TATU UKUTA UKO NA UFA LAKINI HIYO NI YA KITU INGINE, SI TETEMEKO.

Maelezo mengine? KARATASI TUMEKUTA KWA MEZA YA MWALIMU. ZILIKUWA NANE, SASA NI SABA. MWALIMU HAYUKO. WATU WA HAPA HAWAKO. TUMEJIBU SABABU IMEANDIKWA NI LAZIMA KUJIBU.

Matayo aliisoma mara mbili. Kumi na mbili toa nne ni nane. Hesabu ilikubali. Nakato aliandika Aprili, na Mei hakuwapo wa kuandika.

“Pengine alikimbia,” Okech alisema. “Mukasa, nisikilize. Pengine alitokea dirisha la nyuma.”

“Angechukua kadi.”

“Mtu anakimbia na kadi?”

“Nakato angechukua,” Matayo alisema, kisha akalia, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, kwa sauti, kichwa kikiwa juu ya meza. Okech alichukua taulo, akamfuta ndugu yake mikono iliyokuwa bado na maji. Chai ikapoa na utando juu.

Kesho yake alifika kazini kama kawaida, akabadilisha karatasi ya mashine, akakaa mbele ya ramani. Kuichana ile kadi, alifikiri. Njiani alifikiri pia kuisahau kwenye treni. Kilichomchoma ni kwamba ilikuwa kadi safi kuliko zote thelathini na moja. Huyo askari, nani sijui, alikuwa mkweli. Alitenganisha ufa wa tetemeko na ufa wa kitu kingine, jambo ambalo hata makarani wengine huwashinda. Alihesabu watu. Hakutia chumvi. Waliolala wote wameamka, vitu vilivyoegemezwa vimeanguka: kiwango cha tano, bila ubishi.

Matayo akaandika tano juu ya Bukasero.

Gunvor alipopita, akainama, uso ukamchangamka. “Unaona? Tumepata namba pale katikati! Mistari inafungika. Kumbe watu wapo.” Akamgusa bega, kwa wema kabisa. “Ulifanya vizuri kusubiri.”

Matayo akaitikia kwa kichwa. Alimchukia kwa nusu dakika, kisha hata hiyo chuki ikamwishia. Akavuta jedwali, akajaza mstari wa Bukasero. Tarehe. Ndani. Kumi na mbili. Tano. Ikabaki safu ya mwisho, ya jina la mjibu, ambamo kwa miaka saba palikuwa na jina moja na kwa mwaka mzima palikuwa patupu.

Alikaa na kalamu hewani. Alitamani sana kupaacha vile vile. Lakini mtu alikuwa ameingia Bukasero, akatazama, akaandika kwamba mwalimu hayuko, na Matayo alikuwa na kanuni moja tu maishani. Akaandika sifuri.

“Pale huandikwa jina,” Gunvor alisema, akiwa bado amesimama nyuma yake.

“Najua,” alisema Matayo.